Kadi ya simu, kadi ya benki au kadi ya dola: ipi hugoma wapi, na ufanye nini

Ujumbe huwa uleule: kadi imekataliwa, tumia kadi nyingine. Hausemi nani ameikataa wala kwa sababu gani. Pesa ipo, namba zimeingizwa sawasawa, na mwisho wa kutuma maombi ya chuo ni usiku huohuo. Mtu anajaribu tena na tena, kisha anaingia kwenye kundi la WhatsApp: "Wadau, kadi gani haigomi?"

Majibu yatapingana, na kila anayejibu atakuwa anasema kweli. Aliyelipia jina la tovuti kwa kadi ya M-Pesa likapita mara moja ataisifu. Aliyenyimwa gari la kukodi Dubai kwa kadi ya aina hiyohiyo ataiponda. Kinacholipiwa kina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye kadi, kwa hiyo nazilinganisha hapa kadi za aina tatu ambazo watu wa Tanzania na Kenya wanazo mkononi, nikifuata zile sehemu ambazo malipo hukwama.

Ya kwanza ni kadi pepe, yaani namba za kadi bila plastiki, ya mtandao wa simu. Kenya ni M-Pesa GlobalPay, ambayo Safaricom na Visa waliizindua Juni 2022, na unaipata kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#. Tanzania, Vodacom wana kadi ya Visa ndani ya M-Pesa, inayopatikana kwenye menyu ya *150*00#. Ya pili ni kadi ya benki, iwe ya plastiki kama TemboCard ya CRDB au pepe unayoitengeneza ndani ya programu ya benki yako. Ya tatu ni kadi ya dola ya programu za fedha kama Eversend: unaweka shilingi, zinageuzwa dola, unapewa namba za kadi. Nyingi ya kadi hizi zimesajiliwa Marekani, na jambo hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza jua nani amekataa

Malipo ya kadi hupita kwa watu watatu: duka pamoja na kampuni inayolipokelea fedha, mtandao wa Visa au Mastercard, na mtoa kadi. Yeyote kati yao anaweza kusema hapana, na wewe mteja utaonyeshwa sentensi ileile moja.

Tazama simu yako. Kama meseji au arifa imeingia kwamba muamala umeshindikana, ombi lilimfikia mtoa kadi, na tatizo liko kwake au kwenye salio lako. Simu ikiwa kimya na historia ya kadi haina alama yoyote, uwezekano ni mkubwa kwamba duka lilikataa lenyewe kabla ombi halijatoka. Hapo ukipiga huduma kwa wateja watakuambia kadi iko sawa, na kweli iko sawa. Wa kuulizwa ni duka.

Ombi likimfikia mtoa kadi, jibu lake hurudi na msimbo wa tarakimu mbili. Duka linauona kwa kiasi fulani, mtoa kadi anauona wote, wewe huonyeshwi. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize kwa nini kadi imegoma. Uliza msimbo wa kukataliwa ni upi. 51 ni salio halitoshi. 14 ni namba ya kadi isiyo sahihi, 54 ni kadi iliyokwisha muda au tarehe uliyokosea kuandika. 57 ina maana kadi hairuhusiwi kufanya muamala wa aina hiyo, na kwa kadi za benki za kwetu jambo la kwanza la kukagua ni kama malipo ya mtandaoni yamewashwa. 61 umevuka kiwango cha fedha, 65 umevuka idadi ya miamala. 91 mfumo wa mtoa kadi haupatikani, basi subiri. Inayoudhi ni 05, kwa sababu maana yake ni kwamba mtoa kadi amekataa na hajataja sababu. Hiyo haitatuliwi kwa kujaribu tena. Lazima mtu wa ndani afungue muamala wako na kuutazama.

Kwa kipengele hiki nawapa benki nafasi ya mbele. Kitengo cha kadi cha benki kinaweza kukusomea msimbo huo ukisisitiza kuunganishwa nacho. Huduma kwa wateja ya mtandao wa simu hushughulikia mambo ya vifurushi na kurudisha pesa zilizotumwa kimakosa siku nzima, na suala la kadi hupandishwa ngazi. Programu za dola hujibu kwa kuchati, haraka au polepole kutegemea foleni.

Na ukishajaribu mara mbili bila kufanikiwa, acha. Majaribio mengi mfululizo kwenye duka moja yanafanana kabisa na mwizi anayebahatisha namba za kadi iliyoibwa, na mifumo ya kuzuia ulaghai inakuchukulia hivyo. Kadi iliyogoma kwa kosa dogo la tarehe inaweza kufungwa kabisa kwa sababu ya haraka yako.

Pesa ipo, lakini haifiki

Hiki ndicho chanzo ambacho watu hawakitazami, kwa kuwa wana hakika salio linatosha. Tuchukue huduma ya kulipia kila mwezi inayotangazwa kwa dola 20. Kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali zinatozwa VAT ya nchi aliko mteja: kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania, asilimia 16 Kenya. Kwa viwango hivyo, Mtanzania aliyeweka dola 20 kwenye kadi anadaiwa 23.60, Mkenya 23.20. Kama mtoa kadi naye anaongeza asilimia 3 kwa kubadilisha fedha, ya Mtanzania inafika dola 24.31. Kadi yenye dola 20 itagoma, na hata yenye dola 24 itagoma. Bei ya kufuata ni ile ya ukurasa wa mwisho wa malipo, baada ya kuchagua nchi. Ya tangazo iache. Kisha ongeza kidogo juu yake, maana kiwango unachokiona Google sicho ambacho mtoa kadi atakitumia.

Ada za serikali hazina nyongeza ya VAT. Mwanafunzi aliyepata chuo Marekani kwa viza ya F-1 analipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350 kabla ya usaili wa viza, na inayodaiwa ni 350 hiyohiyo. Kinachobaki ni gharama ya kubadilisha fedha.

Kuna pia malipo ya kupima kadi. Duka likitaka kuhifadhi kadi yako hutuma ombi la dola sifuri au dola moja kuona kama kadi iko hai. Majaribio ya bure ya siku kadhaa hugomea hapo: mtu anasema "ni bure, sina haja ya kuweka pesa", na kadi tupu inakataliwa kwa dola moja. Weka angalau dola mbili tatu kabla ya kuiunganisha kadi na kitu chochote.

Linalotisha zaidi ni pale meseji ya makato inapoingia huku duka likisema malipo yameshindikana. Katika hali nyingi pesa haijaenda kokote. Mtoa kadi aliishikilia alipoidhinisha, duka likakwama baadaye kwenye hatua yake, na halikuja kuichukua. Duka likiiachia, au muda wa kuishikilia ukiisha, salio hurudi. Inaweza kuchukua siku chache, wakati mwingine wiki na zaidi. Ukijaribu mara nne kulipia tiketi ya dola 200, unaweza kujikuta na dola 800 zimeshikiliwa na huna tiketi. Piga picha ya skrini ya ujumbe wa duka na uhifadhi meseji ya makato, kwa sababu mtoa kadi akiwa na vyote viwili kazi yake inakuwa nyepesi.

Kwenye suala la salio kadi hizi tatu zinatofautiana sana. GlobalPay inakata moja kwa moja kwenye salio la M-Pesa, kwa hiyo hakuna kuhamisha wala kusahau kuhamisha. Mipaka yake ni mipaka ya M-Pesa yenyewe: tangu Agosti 2023 muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 za Kenya na akaunti haikai na zaidi ya 500,000. Kwa kiwango cha karibu shilingi 129 kwa dola, muamala mmoja unaishia kama dola 1,900. SEVIS inapita bila shida. Karo ya dola 5,000 haipiti, hata uwe na pesa kiasi gani. Kadi nyingine za simu zinataka uhamishe pesa kutoka kwenye salio kwenda kwenye kadi kwanza, na wengi hugomewa kwa sababu pesa iko M-Pesa na haiko kwenye kadi. Angalia salio la kadi, usiangalie la simu.

Kadi ya benki ina kikomo cha siku cha manunuzi ya mtandaoni, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko cha ATM au cha kaunta, lakini unaweza kuomba kipandishwe. Hakuna nyingine inayokupa nafasi hiyo kirahisi. Kadi ya dola inakuonyesha salio kwa dola, jambo linaloondoa mshangao wa kiwango siku ya kulipa. Gharama umeshaibeba wakati wa kuweka. Hata hivyo, soma masharti. Baadhi ya programu hizi zinakata faini kila muamala unaposhindikana kwa kukosa salio, na zikijirudia zinaifuta kadi. Ukiwa umeiunganisha na huduma tatu zinazokata kila mwezi kisha ukaiacha tupu, faini zitajilimbikiza bila wewe kununua chochote.

Namba zinazobadilika na meseji isiyofika

CVV ya GlobalPay, ile namba fupi ya usalama ya kadi, haikai. Unaiomba, inaishi dakika 30, kisha unaomba nyingine. Ni ulinzi mzuri sana, na ndiyo sababu ya migomo mingi: mtu ameiandika kwenye daftari jana, leo anaitumia. Iombe ukiwa tayari kwenye ukurasa wa malipo. Kama fomu ni ndefu, kama zile za viza, jaza kila kitu kwanza, CVV iwe ya mwisho.

Kadi ya benki ina CVV isiyobadilika, lakini maduka mengi yatakupeleka kwenye ukurasa wa uthibitisho ambako unaweka namba iliyotumwa kwa meseji. Meseji hiyo huenda kwenye laini uliyoisajili benki. Ndugu zetu walio Muscat, Doha au Dubai wanalijua hili vizuri: kadi ni ya Nairobi, laini iliachwa nyumbani au haina huduma ya nje, meseji haifiki, dakika zinakwisha, malipo yanakataliwa. Washa huduma ya laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, au omba benki ikuhamishie uthibitisho kwenye programu yake, ambayo inafanya kazi popote penye intaneti. Kwa aliye ugenini, benki yenye uthibitisho wa ndani ya programu inazishinda zote.

Kuna kosa jingine la kawaida hapa: ukurasa wa uthibitisho hufunguka kama dirisha jipya, na kivinjari kinachozuia matangazo hulizuia. Hakuna meseji, hakuna dirisha, malipo yanakufa. Zima kizuizi hicho kwa dakika tano, au lipia kwa kivinjari kingine.

Nchi ya kadi

Tarakimu za mwanzo za kadi, sita hadi nane, zinamtaja mtoa kadi. Kutokana nazo duka linajua kadi imetolewa nchi gani na kama ni ya mkopo, ya akaunti ya benki au ya kujazwa pesa kwanza. Linajua yote haya kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa. Kisha linalinganisha na nchi ya intaneti unayotumia, nchi ya akaunti yako na anwani uliyoandika.

Kadi ya simu au ya benki ya Tanzania kwenye akaunti ya Tanzania, bila VPN (programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine), haina mgongano. Washa VPN ya Ujerumani, na duka linaona kadi ya Dar es Salaam ikitumiwa Frankfurt na mtu anayedai kuishi Mbeya. Likikataa, limefanya kazi yake. Zima VPN, hili ni suluhisho la bure na la sekunde mbili.

Kadi ya dola inageuza mambo. Kwa kuwa imesajiliwa Marekani, programu hukupa anwani ya Marekani ya kuandika kwenye sehemu ya anwani ya kadi. Iandike hiyo, na msimbo wake wa posta, herufi kwa herufi. Maduka ya Marekani, Kanada na Uingereza hupenda kulinganisha namba za anwani na zile alizonazo mtoa kadi, na ukiandika mtaa wako wa Sinza hazitafanana. Hapa kadi ya dola ina nguvu ya kweli: maduka ya Marekani yanayokataa kadi za Afrika Mashariki kwa kushindwa kukagua anwani huipokea hii.

Lakini peleka kadi hiyohiyo kwenye App Store ya akaunti iliyosajiliwa Tanzania. Apple inataka kadi ya nchi ileile ya akaunti, na Google Play nayo ina wasifu wa malipo uliofungwa na nchi. Kadi ya Marekani kwenye akaunti ya Kenya inagoma, na watu wanaishia kuilaumu kadi. Kwa manunuzi ya programu za simu ningechukua kadi ya simu au ya benki ya hapa bila kufikiri mara mbili.

Kwa kadi za hapa, jaza anwani halisi na msimbo wa posta badala ya 00000. Nairobi mjini ni 00100, Mombasa 80100. Tanzania kila kata ina postikodi ya tarakimu tano, na utaipata kwenye programu ya NaPA ya anwani za makazi.

Malipo ya kila mwezi

Wengine wanadhani CVV inayobadilika haiwezi kufanya kazi na huduma inayokata kila mwezi. Si hivyo. Duka haliruhusiwi kuhifadhi CVV baada ya malipo ya kwanza, kwa hiyo makato yanayofuata huja bila CVV kwa kadi yoyote ile. Kinachoamua ni kama mtoa kadi anakubali makato yanayoanzishwa na duka wewe ukiwa haupo, na kama salio lipo dakika hiyo. Hili la pili ndilo linalowaangusha watu wa kadi za simu. Pesa ya M-Pesa inatembea: asubuhi ipo, jioni imelipia luku na ada ya mtoto, usiku huduma inakuja kukata na kukuta sufuri. Kadi inayotengwa, yenye pesa ya kazi hiyo tu, ni bora zaidi. Kwa matangazo ya Facebook na Instagram ya biashara ndogo ningetumia kadi pepe ya benki yenye akaunti yake pembeni, kwa sababu Meta, kampuni inayoimiliki mitandao hiyo, hukata kila kiwango fulani kinapofikiwa na makato yakishindwa matangazo husimama, wakati mwingine wikendi ya mauzo.

Kadi ya matumizi ya mara moja, inayojifuta baada ya malipo, usiiweke kabisa kwenye huduma ya kila mwezi.

Hoteli na magari ya kukodi

Hapa sina mjadala mrefu: chukua kadi ya benki ya plastiki. Hoteli nyingi zinataka kuiona kadi iliyofanya uhifadhi utakapofika mapokezi, na zinashikilia dhamana juu ya bei ya chumba. Wakodishaji wa magari ni wakali zaidi. Wengi hawapokei kadi ya kujazwa pesa kwanza, na wengine wanataka ya mkopo yenye jina la dereva. Kadi pepe ya aina yoyote inaweza kukubaliwa mtandaoni na kukuacha umesimama na mizigo kaunta.

Kadi kufa ghafla

Kadi ya dola ina hatari ambayo nyingine mbili hazina kwa kiasi hicho. Programu unayoiona haitoi kadi yenyewe; nyuma yake kuna kampuni ya kati, na nyuma ya hiyo kuna benki yenye leseni ya Visa au Mastercard. Mmoja wa kati akisimama, kadi za programu kadhaa hufa siku moja. Julai 2022 kampuni ya malipo ya Flutterwave ilisimamisha kadi za dola za programu yake ya Barter, na katika kipindi hicho Union54 ya Zambia, iliyokuwa ikitoa kadi kwa niaba ya programu mbalimbali za Afrika, ilisitisha utoaji baada ya wimbi la ulaghai wa madai ya kurudishiwa fedha. Watumiaji hawakuwa wamekosea chochote. Ilibidi watafute kadi nyingine na kuibadilisha kila mahali walipoiweka.

Kwa hiyo kadi ya dola ninaishauri kwa kazi mahususi: duka la Marekani linalokagua anwani, ada ya mtihani, kozi. Weka kiasi cha malipo na nyongeza ndogo, lipa, basi. Akiba yako isikae humo.

Hata malipo yakipita, usiifute kadi siku hiyohiyo kwa kuhofia makato ya kificho. Kama programu inaruhusu, isitishe kwa muda. Tiketi ikifutwa au bidhaa ikirudishwa, duka hurudisha pesa kwenye namba ileile iliyolipa. Kadi ikiwa imefutwa, pesa hufika kwa mtoa kadi ikiwa haina pa kushukia, na kuitafuta kunataka namba ya kumbukumbu ya marejesho kutoka dukani, tarehe, kiasi, na tarakimu nne za mwisho za kadi ya zamani. Ziandike hizo nne mahali kabla ya kufuta.